Kantangaze au mwingine? Kumtambua nondo wa nyanya kwa dalili anazoacha

Katika shamba la nyanya, majani yaliyobabuka huzua mabishano kabla ya uchunguzi wowote. Mmoja husema ni ukungu kwa sababu mvua imenyesha, mwingine husema ni jua kwa sababu mvua haikunyesha, na wa tatu hutamka kantangaze akiwa bado amesimama njiani. Huenda mmoja wao amepatia, lakini dawa iliyonunuliwa kwa kubahatisha hugharimu sawa na ile iliyonunuliwa kwa uhakika. Mimi mwenyewe niliwahi kupuliza dawa ya ukungu kwa wiki tatu mfululizo huku mabaka yakizidi kuongezeka, hadi mtoto wa jirani aliponiletea jani alilokuwa amelichana kwa kucha na kuniuliza huyo mdudu wa kijani aliyemo ndani anaitwa nani.

Anaitwa kantangaze, jina ambalo kwa sikio la Mswahili linatamkika kama amri: kanitangaze. Wataalamu wanamfahamu kwa jina la Tuta absoluta, na tangu mwaka 2021 baadhi ya maandishi humwita Phthorimaea absoluta baada ya kuhamishiwa katika jenasi nyingine. Msomaji akikutana na majina yote mawili asidhani ni wadudu wawili. Asili yake ni Amerika Kusini, na alipewa jina la kisayansi mwaka 1917 kutokana na vielelezo vya Peru. Alionekana Hispania mwaka 2006, akavuka hadi Afrika Kaskazini mwaka 2008, na kufikia mwaka 2014 alikuwa ameshajulikana Kenya na kaskazini mwa Tanzania, ambako wakulima wa Arusha walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonja uharibifu wake.

Maelezo yafuatayo yanaanzia pale mkulima anapoanzia, yaani kwenye dalili, kisha yanarudi nyuma hadi kwenye kisababishi. Vifaa vinavyohitajika ni vichache: lenzi ya kukuzia mara kumi, pini au mwiba mkali, karatasi nyeupe, na chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa kuwa jani lenye maji ya kutosha hupasuka vizuri na nondo waliokomaa bado huwa wamejificha katikati ya majani.

Dalili: mabaka makavu kwenye majani

Hii ndiyo dalili inayoonekana mapema zaidi na ndiyo inayochanganywa zaidi, kwa hiyo inastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Chuma jani lenye baka, si lile lililokauka kabisa bali lile ambalo baka lake bado linapanuka, kisha liinue uliangalie dhidi ya mwanga. Baka la kantangaze huangaza kama karatasi iliyopakwa mafuta, kwa sababu kiwavi amekula nyama ya jani katikati na kuacha ngozi ya juu na ya chini zikiwa zimeshikana bila kitu ndani. Umbo lake halina mpangilio: si duara wala si mstari, bali ni kama kidimbwi chenye kingo zilizochongoka, na mara nyingi upande mmoja wa kidimbwi hicho huwa na rundo la chembe nyeusi, ambazo ni kinyesi chake.

Sasa chukua pini, toboa ngozi ya juu pembeni mwa baka na uichane polepole kuelekea upande ambao haujakauka, kwa kuwa kiwavi hukaa kwenye mpaka wa chakula na si mahali alipokwisha kula. Ukimpata, mweke kwenye karatasi nyeupe. Aliyetoka kwenye yai hana hata milimita moja na rangi yake ni ya maziwa yaliyochuja. Aliyekaribia kukomaa hufikia milimita 7 hadi 8, ni wa kijani, na mgongoni huwa na wekundu hafifu kama wa maua ya mkarafuu yaliyoanza kuiva. Kichwa chake ni cha kahawia. Alama ya kuitafuta kwa lenzi iko nyuma tu ya kichwa: ukanda mwembamba mweusi unaopita kwenye ukingo wa nyuma wa kigao cha shingoni, yaani kibamba kigumu kinachofunika shingo. Mdudu huyu ana miguu mitatu mitatu kila upande karibu na kichwa, na miguu bandia ya nyama katikati ya mwili na mkiani, na ukimgusa kwa ncha ya pini atajikunja na kutambaa. Ukiviona vyote hivyo kwa pamoja kwenye jani la nyanya, umebakiwa na shaka ndogo sana.

Inzi mchimba majani, ambaye wapo wakulima wanaomwita kidomozi, ndiye anayeongoza kwa kusingiziwa na kwa kusingizia. Naye pia huishi ndani ya jani, lakini njia yake ni mstari mwembamba unaozungukazunguka kama mchoro wa mtoto aliyepewa kalamu, ukianza mwembamba na kupanuka kidogo kadiri buu anavyokua. Buu huyo ni wa manjano, ana urefu wa milimita 2 hadi 3, hana miguu hata mmoja wala kichwa kinachoonekana. Hapa ndipo pini inapomaliza ubishi: mdudu mwenye kichwa na miguu ni kiwavi wa nondo, na mdudu asiye na kichwa wala miguu ni buu wa inzi. Tofauti hiyo ina uzito kwa mfuko wa mkulima, kwa kuwa mmea mkubwa wenye afya huvumilia mistari kadhaa ya inzi bila kupungukiwa na mavuno, ilhali vidimbwi vya kantangaze vikiungana huligeuza jani zima kuwa karatasi ndani ya siku chache.

Ugonjwa wa bakajani chelewa huleta madoa ya rangi ya kahawia iliyokolea yanayoonekana kama yamelowa maji, na wakati wa unyevunyevu, hasa asubuhi, utando mweupe huota upande wa chini kwenye kingo za doa. Bakajani tangulia huchora miduara ndani ya miduara, mfano wa shabaha ya mshale, na kwa kawaida huanza kwenye majani makuukuu ya chini. Katika magonjwa yote mawili ngozi ya juu na ya chini hazitengani kwa pini, kwa sababu nyama ya jani ipo ingawa imekufa. Kuungua kwa jua au kwa dawa iliyochanganywa kwa nguvu kupita kiasi hutambulika kwa njia ileile: jani limekauka lakini halina nafasi ndani wala chembe za kinyesi, na madoa hufuata upande ulioelekea jua au mahali ambapo matone yalikusanyika. Iwapo majani yana vidoa vingi vidogo vya manjano na utando kama wa buibui upande wa chini, huyo ni utitiri, na lenzi itamwonyesha bila taabu.

Dalili: baka ni la kantangaze lakini ndani hamna kitu

Mkulima akichana majani kumi na kukuta yote matupu huvunjika moyo na kuhitimisha kwamba amekosea. Si lazima iwe hivyo. Sababu ya kwanza ni kwamba kiwavi huyu hakai jani moja maisha yake yote. Anaweza kutoka, akatambaa juu ya jani na kuingia mahali pengine, hasa joto likiwa kali au chakula kikiwa kimepungua. Tafuta basi baka dogo jipya kwenye vijani vya jirani vya tawi hilohilo. Sababu ya pili ni kwamba amekomaa na kuondoka ili awe pupa, hatua iliyo kati ya kiwavi na nondo. Wengi hujishusha kwa uzi hadi ardhini na kujificha kwenye udongo wa juu chini ya shina. Wengine hubaki kwenye jani lililokunjamana au chini ya vijani vya kikonyo cha tunda, wakiwa wamejifunika utando mwembamba mweupe. Pupa huanza na rangi ya kijani na kuwa ya kahawia, na ni fupi kuliko punje ya mchele. Kwangu mimi, kukwangua udongo kwa kijiko chini ya mashina matano na kuumwaga kwenye karatasi kumefichua mengi kuliko kuchana majani hamsini.

Sababu ya tatu ni ya heri, nayo ni kwamba ameliwa. Buibui, siafu, na mdudu mwembamba wa kijani aitwaye Nesidiocoris tenuis humwinda kantangaze na mayai yake, na ukiona ngozi tupu iliyosinyaa ndani ya baka badala ya kiwavi mzima, fikiria jambo hilo kabla ya kushika bomba la dawa.

Dalili: matundu kwenye tunda

Hapa washukiwa ni wawili, na ukubwa wa tundu ndio unaoamua. Kantangaze huacha tundu dogo kama la pini, mara nyingi pembezoni mwa kikonyo au chini ya vijani vyake, na kandokando ya tundu huonekana kinyesi cheusi chenye unyevu. Kwa kuwa tundu limefichwa na vijani hivyo, nyanya inaweza kuonekana safi inapopangwa kwenye tenga shambani, kisha ikaoza njiani kabla ya kufika sokoni, kwa sababu vimelea vya uozo hupitia mlango uleule. Mnunuzi humlaumu mkulima na mkulima humlaumu dereva. Dawa ya fumbo hili ni kuinua vijani vya kikonyo kwa ncha ya kucha kwenye matunda kadhaa kabla ya kupanga.

Funza wa matunda, ambaye ni ndugu yuleyule anayeitwa funza wa vitumba kwenye pamba, hutoboa tundu kubwa la duara ambalo hata mtu mwenye macho mafifu huliona. Huingiza kichwa na sehemu ya mbele ya mwili huku nyuma ikibaki nje, na anapokomaa hufikia milimita 40, yaani mara tano ya kantangaze. Rangi yake hubadilika kutoka kijani hadi kahawia au hata waridi, kwa hiyo rangi peke yake isitumike kuwatenganisha. Tumia urefu, na mistari inayokwenda kwa urefu ubavuni mwake, ambayo kantangaze hana. Kitako cha nyanya kilichokuwa cheusi na kikavu bila tundu lolote si kazi ya mdudu: hicho ni kuoza kitako, kunakotokana na mmea kukosa kalsiamu ya kutosha kwenye tunda, mara nyingi kwa sababu ya umwagiliaji usio na utaratibu.

Dalili: ncha ya mmea inakauka

Kiwavi akiingia kwenye ncha inayokua au kwenye shina changa, ncha hiyo hunyauka na mmea hulazimika kutoa machipukizi ya pembeni. Kata chini kidogo ya sehemu iliyonyauka na upasue kwa urefu: ukiona handaki lenye chembe nyeusi, jibu umelipata. Mnyauko wa bakteria ni tofauti kabisa, kwa sababu huangusha mmea mzima ukiwa bado wa kijani. Kipande cha shina lake kikitumbukizwa kwenye glasi ya maji safi hutoa uzi mweupe kama maziwa. Jaribio hilo huchukua dakika chache tu.

Dalili: nondo wadogo wa kijivu wamejaa kwenye mtego

Mtego wa feromoni huvuta madume tu, kwa kuwa kivutio chake kinaiga harufu ya jike. Kutokana na jambo hili moja huzaliwa makosa mawili. La kwanza ni kudhani kwamba mtego uliojaa umemaliza tatizo, ilhali majike wanaendelea kutaga, na jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260 katika maisha yake. La pili ni kudhani kwamba mtego mtupu ni ushahidi wa usalama, wakati pengine kivutio kimeisha nguvu baada ya wiki nyingi za jua, au kimeshikwa kwa mikono yenye dawa.

Nondo aliyenaswa akichunguzwa kwa lenzi huwa na urefu wa milimita 5 hadi 7, na mabawa yakikunjuliwa hufikia takriban milimita 10. Mabawa ya mbele ni ya kijivu kinachong'aa kama fedha iliyochakaa, yakiwa na madoa meusi, na anapotua huyakunja juu ya mwili kama paa la makuti. Vipapasio vyake ni virefu, vyembamba, vyenye pingili za giza na za mwanga zinazopishana kama ushanga, na mdomoni ana vijipembe viwili vilivyopinda kuelekea juu. Tatizo ni kwamba kwenye beseni la maji ya sabuni magamba ya mabawa hutoka, na nondo wote wadogo hufanana wakishalowa. Ndiyo maana sikubali mtego uwe shahidi wa pekee. Mtego unaeleza kwamba nondo wanaruka katika eneo hilo. Ni jani lililochanwa linalothibitisha kwamba wanazaliana kwenye mimea yako.

Dalili: mabaka yaleyale kwenye viazi, biringanya au mnavu

Kantangaze anapendelea nyanya, lakini huishi pia kwenye viazi mviringo, biringanya, nyanya chungu, mnavu na mimea ya porini ya jamii hiyo, ukiwemo mnanaha. Mnavu unaojiotea kwenye ukingo wa shamba ndio unaomhifadhi kati ya msimu na msimu, kwa hiyo anayechunguza nyanya peke yake huwa amechunguza nusu ya makazi ya mdudu.

Kwenye viazi ni rahisi kukosea utambuzi. Nondo wa viazi, Phthorimaea operculella, ni jamaa wa karibu, naye pia huchimba majani na kuacha mabaka yanayofanana mno. Nondo wake ni mkubwa kidogo, mabawa yaliyokunjuliwa yakifika milimita 12 hadi 16. Kiwavi wake anatofautishwa kwenye kile kigao cha nyuma ya kichwa: chake kimekolea rangi chote, wakati cha kantangaze kina ukanda mweusi kwenye ukingo tu. Na kama kiazi chenyewe, kilichochimbwa au kilichoko ghalani, kina mahandaki yenye kinyesi machoni pake, mshukiwa wa kwanza ni nondo wa viazi, kwa kuwa kantangaze hushambulia sehemu za mmea zilizo juu ya ardhi.

Dalili: mdudu ametambuliwa, dawa imepulizwa, na mabaka yanaendelea

Kwanza rudia utambuzi, kwa sababu dawa ya ukungu haiui kiwavi. Ikiwa utambuzi ni sahihi, fikiria mahali anapoishi: dawa inayoua kwa kugusa mwili hukauka juu ya ngozi ya jani wakati yeye anakula chini yake. Fikiria pia hesabu ya siku. Katika joto la nyuzi 27 hivi, safari ya kutoka yai hadi nondo huchukua takriban siku 24. Katika nyuzi 20 huchukua kama siku 40. Na katika nyuzi 14 huchukua siku 76. Shambani vizazi hupishana, kwa hiyo siku yoyote utakayopuliza yatakuwepo mayai, viwavi wa kila umri, na pupa waliofukiwa kwenye udongo ambao dawa haiwafikii. Kuongezeka kwa mabaka wiki moja baada ya kupuliza kunaweza kutokana na mayai yaliyoanguliwa baadaye na si udhaifu wa dawa.

Usugu nao upo, na umethibitishwa katika nchi kadhaa dhidi ya makundi kadhaa ya viuatilifu, zikiwemo pareto za viwandani. Njia ya kuutilia shaka kwa busara ni kuchana majani siku tatu au nne baada ya kupuliza vizuri: viwavi wakubwa wakiwa hai na wanakula kwenye mimea iliyofikiwa na dawa kila upande, badilisha kundi la kiuatilifu na si jina la kwenye chupa tu, kwani chupa mbili zenye majina tofauti huweza kuwa na kiambato kilekile. Kiambato huandikwa kwa maandishi madogo kwenye lebo, na huko huko huandikwa idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma.

Pale ambapo pini na lenzi zimeshindwa, tumia chupa. Weka karatasi laini chini, juu yake majani matano au sita yenye mabaka mabichi, funika mdomo kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira, na uiweke kivulini ndani ya nyumba. Ongeza jani bichi lisilopuliziwa dawa pale ya awali yanapokauka, na ufute mvuke kila siku ili majani yasioze. Wakitoka inzi wadogo wenye rangi nyeusi na manjano, ulikuwa na kidomozi. Wakitoka nondo wa kijivu baada ya wiki mbili au tatu, ulikuwa na kantangaze, na sasa unao wakavu wenye magamba yao yote, tayari kuonyeshwa kwa afisa ugani. Na wakitoka vijinyigu vyeusi vidogo vyenye vipapasio virefu, usivipulizie dawa: hao wamekulia ndani ya viwavi na kuwaua. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kilileta kijinyigu cha aina hiyo, Dolichogenidea gelechiidivoris, Kenya kutoka Peru kwa kazi hiyohiyo. Fungua kitambaa jioni, ukiwa umesimama katikati ya matuta ya nyanya, uviache viruke.